Kwa Nini Unamuuza?

Baghala mzuri haji sokoni. Kauli hiyo niliisikia kwanza Marrakesh kwa muuza viungo, nikaisikia tena ndani ya teksi ya kuelekea milimani, na hatimaye kwa mwenyeji wangu wa Imlil, mtu aliyeishi kwa kuswaga baghala waliobeba mizigo ya wapanda mlima. Katika milima ya Atlas ya Moroko, mnyama mwema huuzwa chinichini. Jirani humdokeza jirani, mjomba humwita mpwa, na bei hukatwa juu ya bilauri za chai ya mnanaa. Anayefikishwa kwenye soko la hadhara amefikishwa kwa moja ya sababu mbili: ama mwenyewe ana shida, ama mnyama ana ila.

"Kazi yako ni kutambua ni ipi," mwenyeji wangu aliniambia. "Mengine yote ni kelele za soko."

Nilihitaji baghala wa kupanda. Nia yangu ilikuwa kutoka Asni hadi Imlil, chini ya mlima Toubkal ambao kwa mita 4,167 ndio mrefu kuliko yote Afrika Kaskazini, nivuke kipito cha Tizi n'Tamatert kuingia bonde la Tacheddirt, kisha niteremke taratibu hadi Ourika. Baghala wa kukodi wapo tele, lakini ukikodi baghala umemkodi na mwenyewe, na mwenyewe ndiye mwenye kauli: lini kuondoka, wapi kulala, nani apitiwe kusalimiwa. Nilitaka kauli iwe yangu. Tena nilitaka kuiona biashara hii nikiwa na fedha mkononi, maana sokoni mtazamaji haonyeshwi kitu.

Nimelelewa Lamu, ambako punda hubeba mawe ya kujengea, saruji, mchanga na harusi ikibidi. Shogi, hatamu na lijamu si vitu vigeni kwangu. Baghala, hata hivyo, kwetu hatumfugi. Baba yake ni punda na mama yake ni farasi. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na mtoto wao huzaliwa na 63, hesabu isiyogawanyika sawasawa. Ndiyo maana karibu wote ni tasa. Sokoni jambo hilo lina uzito wake. Ng'ombe mzee huuzwa kwa ndama aliye tumboni au kwa nyama yake. Baghala huuzwa kwa miguu, mgongo na tabia, basi. Bei yake yote ni kazi iliyobaki mwilini mwake, na kazi iliyobaki haionekani kwa macho. Hapo ndipo uongo unapopata nafasi.

Zamani palikuwa na baghala wa kupanda kwa maana kamili. Katika miji kama Fes, makadhi, wanavyuoni na matajiri walitembelea baghala waliotandikwa vizuri, na mwenye mwendo laini aliweza kupita bei ya farasi. Magari yalipokuja, daraja hilo likafutika. Aliyebaki ni baghala wa kazi. Ndani ya mji wa kale wa Fes, ambako vichochoro haviingii gari, bado hubeba ngozi na mitungi ya gesi huku mwenyewe akipaza "Balak!" ili watu wajibanze ukutani, na hospitali ya wanyama iitwayo American Fondouk imekuwa ikiwatibu hapo bila malipo tangu 1927. Mlimani ndiye hubeba kila kitu, na binadamu akichoka hupanda juu ya kila kitu hicho, miguu ikining'inia upande mmoja. Kwa hiyo ukimwambia muuzaji wa Asni kwamba unatafuta baghala wa kupanda, anakutazama kwa huruma. Wote hupandwa. Unataka nini zaidi?

Asni iko kilomita 47 kusini mwa Marrakesh, na soko lake ni la Jumamosi. Mashambani Moroko soko huhama kwa siku: leo huku, kesho bonde la pili, na wachuuzi hulifuata. Kabla ya kufika penye mboga na nguo unakuta uwanja wa baghala waliofungwa safu kwa safu, kama magari kwenye maegesho, wakiwasubiri waliokuja nao. Hao si wa kuuzwa. Wa kuuzwa wako upande mwingine, karibu na wapigilia njumu za kwato, pamoja na punda, ng'ombe wachache na madalali wengi kuliko wanyama.

Huwezi kuzungumzia bei za Asni bila kuzungumzia usiku wa tarehe 8 Septemba 2023. Tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipiga mkoa huu wa Al Haouz na kuua watu karibu 3,000. Maporomoko ya mawe yalifunga barabara, na vijiji vingi vikabaki vimekatika na dunia. Siku zile za mwanzo, mablanketi, maji na unga vilifika huko juu kwa migongo ya baghala na punda. Wanyama wengi nao walikuwa wamefukiwa mazizini, kwani katika nyumba za mlimani zizi mara nyingi huwa ghorofa ya chini. Kwa wengi, mnyama aliyekuwa ameanza kudharauliwa kwa sababu ya pikipiki za magurudumu matatu akarudi kuwa mali ya kwanza ya nyumba. Upande wa pili wa mizani kuna ukame wa miaka mfululizo uliopandisha bei ya shayiri na nyasi kavu. Pikipiki isipofanya kazi haili. Baghala hula kila siku. Kwa hiyo sokoni wanakutana watu wawili: mmoja hawezi kuishi bila baghala, na mwingine hawezi tena kumlisha.

Kisha kuna hesabu. Serikali ina dirham, na dirham ina santimu 100, lakini soko la wanyama linahesabu kwa riale, fedha isiyochapishwa popote: dirham moja ni riale 20. Wakubwa wa mjini nao hupenda kuhesabu kwa santimu, hivyo dirham 10,000 huitwa milioni. Mtu akikutajia "laki tatu", huna budi kujua anaongea lugha ya nani kabla hujashtuka au kufurahi. Mwenyeji wangu alinikataza kabisa kutoa simu nipige hesabu mbele ya watu. "Ukigawanya kwa mashine," alisema, "wamejua hujawahi kununua hata kuku."

Wa kwanza tuliyeonyeshwa alikuwa dume aliyehasiwa, mweusi, aking'aa. Dalali alinichukua kwa Msenegali, akaanza kwa Kifaransa, akaona uso wangu haujibu, akahamia Kiarabu cha huko. Kiarabu changu ni cha madrasa. Nilimwelewa nusu, na nusu nyingine nilimwachia mwenyeji. Mnyama ana miaka minane, tukaambiwa. Mwenyeji akamfunua mdomo. Kwenye jino la pembeni la juu, karibu na miaka kumi, huanza kuonekana mfereji mwembamba wa rangi ya kahawia. Hufika katikati ya jino kwenye miaka 15 hivi, na mwisho wa jino karibu na 20. Mfereji wa huyu ulikuwa umevuka nusu. Umri wenyewe haukuwa tatizo, kwani baghala anayetunzwa huishi miaka 30 na kupita. Tatizo ni kwamba tulidanganywa katika sentensi ya kwanza. Mwenyeji akaufunga ule mdomo taratibu, akamwambia dalali, "Mungu akupe riziki," tukaondoka.

Wa pili alikuwa jike mrefu mwenye kifua kipana, na mwili wake ulieleza zaidi ya mwenyewe. Nywele nyeupe juu ya mabega na pande zote za uti wa mgongo ni makovu ya tandiko lililochubua. Moja mawili ni maisha, mengi ni ukatili au haraka. Pembe za mdomo wake zilikuwa na vidonda vya lijamu la chuma. Mwenyeji alipopeleka mkono kwenye sikio, mnyama alirusha kichwa juu na kurudi nyuma hadi kamba ikakaza. Baghala aliyepigwa kichwani hasahau, na asiyegusika masikio ni shida kumvika hatamu kila asubuhi. Mwenyewe alisema anaogopa wageni tu. Tuliuliza kwa nini anamuuza. Akasema ana wengine wengi. Mwenyeji aliniambia baadaye kwamba jibu hilo ndilo baya kuliko yote, kwa sababu mwenye wengi huchagua nani abaki.

Wa tatu hakuwa na dalali. Alishikwa kamba na mzee mwenye jalaba ya sufu, amesimama kando kidogo, hamwiti mtu. Jike wa rangi ya hudhurungi, pua nyeupe, si mrefu. Tulimsalimu mzee, naye akatujibu salamu yote kwa ukamilifu, akauliza hali za nyumbani kwangu kabla ya kuuliza nimetoka wapi. Nilimwita Haji kwa heshima, naye akaniita mwanangu.

Mwenyeji alimpapasa mnyama kuanzia masikio, akashuka shingoni, mgongoni, hadi miguuni. Aliinua kwato moja moja; mnyama akazitoa bila kuvutwa. Akambana kidogo chini ya mbavu, akamrudisha nyuma hatua tatu, akamzungusha kulia na kushoto ili aone kama nyonga zinakwenda sawa. Kisha mzee akasema jambo ambalo sikulitegemea sokoni: "Ana ila moja. Maji. Mto akiuona husimama. Atavuka, lakini kwa saa yake."

Katika fikihi, ila iliyofichwa humpa mnunuzi haki ya kurudisha alichonunua, na iliyotajwa ikakubaliwa haina tena kesi. Mzee aliijua sheria hiyo kwa vitendo. Lakini mwenyeji hakuridhika na mdomo wake. Aliniacha hapo, akaenda kwenye hema la chai kuwatafuta watu wa bonde analotoka mzee. Huko ndiko uchunguzi wa kweli unakofanyika. Meno hukueleza umri, makovu hukueleza jana. Sababu ya kuuzwa wanaijua majirani tu.

Nilibaki na mzee. Alitaka kujua mnyama atalala wapi usiku, nani atampa shayiri, na kama ninajua kwamba tandiko haliondolewi mgongoni angali na jasho katika baridi ya jioni. Nilimjibu nilichojua. Akaniuliza kama kwetu hakuna baghala. Nikamweleza habari za mbung'o, yule nzi ambaye kuuma kwake huua farasi na baghala. Nikamweleza kwamba katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipopigana Afrika Mashariki, wanyama wa mizigo walikufa kwa maelfu, na mizigo yao ikahamishiwa watu. Kwamba Dar es Salaam kuna mtaa wenye soko kubwa, Kariakoo, unaobeba hadi leo jina la kikosi cha wapagazi hao. Mzee alinyamaza, kisha akauliza kama walilipwa. Nikasema wengi walikufa njiani, na wengi mshahara wao haukuwahi kuwafikia. Akampapasa yule jike shingoni, akasema Mtume naye alikuwa na baghala, Duldul, na kwamba katika Surat an-Nahl mnyama huyu ametajwa pamoja na farasi na punda miongoni mwa neema za kupandwa. Alilisema kama mtu anayetaja ukoo wa binti yake kwa wachumba.

Mwenyeji alirudi na habari. Nyumba ya mzee ilianguka katika tetemeko. Amejenga kuta, paa halijakamilika. Wanawe wako Casablanca. Mnyama anafahamika bonde zima. Mwanamke mmoja mjamzito alishushwa kwa mgongo wake hadi barabarani usiku wa theluji. Na ndiyo, anaogopa maji.

Hiyo ilikuwa shida ya mwenyewe, si ila ya mnyama. Ilibaki bei, na hapo kuna utata ambao hakuna aliyenitatulia. Ukishajua kwamba muuzaji ana shida, umejua pia kwamba unaweza kumbana. Mzee alitaka riale 320,000, yaani dirham 16,000, pamoja na tandiko la mizigo linaloitwa barda. Mwenyeji alifungua kwa 240,000. Walishikana mikono, na kila bei mpya ilitolewa kwa kukaza au kulegeza vidole, huku watu wawili watatu wakisogea na kuwasukuma wakubaliane, kwa sababu sokoni mapatano ni tamasha la wote. Walipofika 270,000 mwenyeji alitaka kuendelea kushuka. Nilimgusa bega. Mzee akasema, "Mungu aitie baraka," wale watu wakaitikia, na biashara ikaisha. Dirham 13,500. Mwenyeji alinung'unika hadi jioni kwamba nilimwachia mzee dirham 500 bure.

Kabla ya safari tulimpeleka kwa daktari wa mifugo, akachomwa chanjo ya pepopunda na kupewa dawa ya minyoo. Marrakesh kuna kliniki ya SPANA, shirika lililoanzishwa mwaka 1923 na Kate Hosali na binti yake Nina baada ya kuona hali ya wanyama wa kazi Afrika Kaskazini, na wafugaji wengi wanaifahamu kuliko wanavyoifahamu hospitali yao wenyewe. Nilinunua pia ukanda wa kupita chini ya mkia. Baghala ana mgongo ulionyooka na mabega ya chini. Bila ukanda huo, kwenye mteremko mkali tandiko linakwenda kukaa shingoni, na mpandaji pamoja nalo.

Njiani ndipo nilipoelewa nilichonunua. Mwendo wake ulikuwa ule ambao watu wa punda kwetu huuita telki, hatua fupi za haraka zisizomrusha mpandaji, kilomita tano kwa saa bila kujali kama njia inapanda au inashuka. Kwenye vijia vya mawe juu ya Imlil alichagua ukingo wa nje, upande wa korongo, na kila mara moyo wangu uliruka. Sababu ni rahisi: baghala aliyezoea shogi pana hujiweka mbali na mwamba ili mzigo usigonge. Mimi sikuwa na shogi, lakini yeye aliendelea kuupisha mzigo usiokuwepo. Ukimvuta upande wa ndani anatii hatua mbili, kisha anarudi. Nikamwachia. Katika kipito cha Tizi n'Tamatert, mita 2,279, watu wanaoshuka walimtambua yeye kabla ya kunisalimu mimi, wakaniuliza habari za paa la mzee.

Na maji? Kijito cha kwanza alisimama, masikio mbele, miguu ya mbele imekita. Kupiga hakusaidii, baghala anayelazimishwa mahali anapohofia hujifunza kukuhofia wewe. Nilishuka, nikakaa juu ya jiwe, nikala mkate na zeituni. Alinusa maji, akarudi, akanusa tena. Mvulana mmoja akapita na baghala wake akielekea Tacheddirt, akavuka, na huyu wangu akafuata nyuma ya mkia wa mwenzake. Tangu hapo, kwenye kila kijito nilisubiri mwenye baghala mwingine. Safari ikawa na kasi ya vijito na wapita njia, na kauli niliyoitaka iwe yangu ikawa imegawanywa kati ya watu wengi. Niliwafahamu watu wa bonde lile kwa njia hiyo kuliko kwa kuingia nyumbani mwao.

Safari iliishia Tnine Ourika, ambako soko ni Jumatatu. Huko nilisimama upande wa wauzaji, nimeshika kamba, na waliokuja wote waliniuliza swali lile lile: kwa nini unamuuza? Nikasema safari yangu imekwisha. Hakuna aliyeamini. Mgeni anayeuza mnyama ana haraka, na mwenye haraka anaficha jambo. Mdomo wa mnyama wangu ulifunuliwa asubuhi ile zaidi ya mara zote tangu nimpate. Nilipotaja jina la mzee na la bonde lake, mambo yakabadilika. Mtu wa makamo kutoka kijiji cha juu aliaga, akaenda kupiga simu, akarudi bila kugusa meno. Alitaja riale 250,000.

Nikamwambia ana ila moja, anaogopa maji. Akatikisa kichwa kwa uzito, akasema ila hiyo si ndogo, akashusha hadi 240,000, nami nikakubali. Tulipokwisha kushikana mikono nilimuuliza mto wa kijijini kwake ni mkubwa kiasi gani. Akacheka. Kijiji chake kiko juu ya mgongo wa mlima, akasema. Mto hawana, maji yanafika kwa bomba.